Ishara na nyuzi: namna Linux ilijifunza kufunga programu yenye haijibu

Watu wengi wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira wenye wako na telefone ya Android wanajua huu ujumbe: programu haijibu, unataka kuifunga ao kungojea? Mutu anagusa «funga», programu inaondoka, telefone inarudi kupumua. Hakuna mutu anafikiria ile mambo mara mbili. Lakini nyuma ya kugusa kule kwa kidole kuko kazi yenye ilichukua watengenezaji wa Linux miaka 12, tangu 1991 mupaka mwisho wa 2003. Na mupaka leo, mutu yeyote mwenye anajaribu kutengeneza mufumo wake mwenyewe nyumbani, kwa kujifurahisha tu, anakutana na ile shida fasi ileile.

Shida yenyewe inasemwa kwa maneno machache. Programu moja inaweza kuwa na wafanyakazi wengi ndani yake. Hao wanaitwa nyuzi. Kutoka inje, mufumo unaweza kutumia programu ujumbe mufupi wa haraka: simama, jifunge, kuko kosa. Ule ujumbe unaitwa ishara. Sasa, ishara ikifika ku mulango wa nyumba yenye wafanyakazi kumi, nani anaipokea?

Jibu linatoka ndani ya kerneli. Kerneli ni ile sehemu ya mufumo yenye inakaa katikati ya masini na programu zote: ndiyo inagawa zamu za prosesa, inagawa memori, inafungua mafaili, inapeleka ishara. Telefone ya Android inatumia kerneli ya Linux. Na Linux, mbele ya kuingia ku telefone za dunia nzima, ilikuwa kazi ya mwanafunzi mumoja tu.

Herufi A na herufi B

Mwanzo wa mwaka wa 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 mwenye alikuwa anasoma ku Chuo Kikuu cha Helsinki, kule Ufini, alinunua ordinatere yenye prosesa ya Intel 386. Alitaka kuelewa ile prosesa mupaka ndani. Moja kati ya mambo ya kwanza yenye aliandika ilikuwa programu ya kazi mbili: kazi ya kwanza inaandika herufi A ku ekra bila kuchoka, ya pili inaandika herufi B. Saa ya ndani ya masini inakata ya kwanza, inapatia zamu ya pili, kisha inarudi ku ya kwanza.

Kwa mutu mwingine, ekra yenye imejaa AAAA na kisha BBBB ni upuuzi. Kwa mwenye aliiandika, ilikuwa ushahidi kwamba masini inaweza kubadilisha kazi bila kusahau fasi yenye kila moja ilifika. Kisha akageuza zile kazi mbili: moja ikawa inasoma klavye na kutuma kwa modemu, ingine ikawa inasoma modemu na kuandika ku ekra. Kwa njia hiyo aliweza kuingia ku ordinatere ya chuo akiwa nyumbani. Akaongeza disiki, akaongeza mafaili. Tarehe 25 Agosti 1991 akawatangazia watu wenye walikuwa wanatumia Minix, mufumo wa kufundishia wa profesa Andrew Tanenbaum wa Uholanzi, kwamba anatengeneza mufumo wa bure, lakini ni kwa kujifurahisha na hautakuwa kitu kikubwa. Mwezi wa Septemba toleo la 0.01 lilitoka. Lilikuwa na mistari kama 10.000 ya kodi.

Ishara zilikuwa ndani tangu ile toleo ya kwanza. Torvalds hakuzivumbua. Zilitoka ku Unix, mufumo wenye ulizaliwa ku maabara ya Bell Labs kule Marekani, na mutu mwenye anaiga Unix hawezi kuziacha, juu programu nyingi zinazitegemea.

Karatasi chini ya mulango wa studio

Ishara haina maneno. Ni namba tu. Namba 2 inatumwa wakati mutu anabonyeza Ctrl na C. Namba 15 inaomba programu ijifunge kwa adabu. Namba 9 inaua bila kuomba ruhusa. Namba 11 inakuja wakati programu imegusa memori yenye haiko yake. Namba 19 inaisimamisha, na 17 inajulisha muzazi kwamba mutoto wake amebadilika hali ao amekufa. Ku Linux ya 1991 kulikuwa fasi ya ishara 32, na zote ziliingia ndani ya neno moja la biti 32: kutuma ishara ilikuwa kuwasha biti moja, basi. Ndiyo maana ishara mbili za namba moja, zikifika mbele ya kupokelewa, zinahesabiwa kuwa moja. Mutu mwenye anataka kuhesabu mambo kwa ishara za zamani anajidanganya.

Kuzituma ni rahisi. Kuzipokesha ndiyo kazi. Mufano wa radio unasaidia. Mutangazaji iko hewani anasoma habari. Mutekniki anapitisha karatasi chini ya mulango: «kuko habari ya haraka». Mutangazaji hawezi kukata neno katikati. Anamaliza sentensi, anaweka kidole ku mustari wenye alifika, anasoma karatasi, kisha anarudi palepale. Kama kidole kimeteleza, anarudi ku mustari mwingine na wasikilizaji hawaelewi tena.

Kerneli inafanya vilevile. Haipatie programu ishara wakati wowote. Inangoja ile programu itoke ndani ya kerneli na iwe karibu kurudi ku kazi yake, ao kwa sababu iliomba kitu, ao kwa sababu saa imeikata. Pale ku mulango wa kutokea, kerneli inaangalia: kuko biti yenye imewashwa? Kama iko, na programu imetayarisha fonksyo ya kupokea ile ishara, kerneli inaandika ku staki ya programu karatasi kamili yenye kuonyesha rejista zote za prosesa zilikuwa na namba gani. Kisha inapindisha njia: badala ya kurudi fasi yake, programu inaamukia ndani ya fonksyo ya kupokea. Ile fonksyo ikimaliza, inaita kerneli tena, na kerneli inarudisha namba zote kama zilivyokuwa.

Kosa la hapa ni baya kuliko makosa mengi. Mutengenezaji akisahau rejista moja tu, programu haianguki palepale. Inaendelea na namba ya uongo, na inaanguka kisha saa moja, fasi yenye haina uhusiano wowote na ishara. Mutu anatafuta siku tatu ndani ya faili yenye haina kosa.

Kuko pia mutego wa usalama. Ile karatasi imewekwa ku staki ya programu, na programu inaweza kuandika ku staki yake. Programu yenye nia mbaya inaweza kubadilisha namba ili wakati wa kurudi ijipatie mamlaka ya kerneli yenyewe. Kwa hiyo kerneli lazima ikague kila kitu yenye inarudishiwa, kama vile haikukiandika yenyewe. Watu wengi wenye kutengeneza kerneli kwa kujifurahisha wanaruka ile hatua, juu ku ordinatere yao hakuna muadui. Ni haki yao, ila wasipatie watu wengine ile mufumo.

Na kama programu imelala? Mufano, inangoja mutu aandike kitu ku klavye. Kerneli inapashwa kuiamusha, na ile ombi ya kusoma inarudi mikono mitupu na jibu la «nimekatizwa». Programu yenye haikutazamia hilo jibu inafikiri faili imeharibika. Unix za kisha zikaleta ruhusa ya kuanzisha ombi upya zenyewe, lakini programu yenyewe inapashwa kuiomba. Usingizi mwingine, zaidi ule wa kungoja disiki, hauamushwe kabisa. Ile wakati hata ishara namba 9 inakaa ku mulango. Watu wenye wanatumia Linux ku ordinatere wameona: programu inauliwa, inauliwa tena, na haikufi. Haikatae amri, bado haijafika fasi yenye inaweza kuisikia.

Nyumba moja, wafanyakazi kumi

Kwa miaka mingi yale yote yalienda vizuri, juu programu moja ilikuwa na mufanyakazi mumoja. Ishara kwa nyumba na ishara kwa mutu ilikuwa kitu kimoja.

Nyuzi zikabadilisha mambo. Programu ya kutumiana ujumbe haiwezi kuacha ekra ikauke wakati inangoja mutandao, na sisi wa huku tunajua kungoja mutandao ni nini. Kwa hiyo uzi mumoja unachora ekra, wa pili unangoja mutandao, wa tatu unapiga sauti. Kila uzi uko na staki yake na rejista zake, na prosesa inapatia kila mumoja zamu. Lakini memori ni moja, mafaili yenye yamefunguliwa ni yaleyale. Ni ile kazi ya A na B, ila sasa A na B wanakula ku sahani moja.

Mwaka wa 1995 kanuni ya kimataifa yenye inaitwa POSIX ilipanga namna nyuzi zinapashwa kutenda, na ishara pia. Kuhusu ishara, kanuni ilikata hivi. Ishara yenye imetumwa kwa programu ni ya nyumba nzima: uzi wowote wenye haukuifunga unaweza kuipokea, lakini ni mumoja tu. Ishara yenye imetumwa kwa uzi fulani ni yake peke yake. Fonksyo za kupokea ni za nyumba nzima. Ila ruhusa ya kufunga masikio, kila uzi uko na yake. Kosa la memori linapelekwa kwa uzi wenye ulilifanya, si kwa jirani. Na ishara yenye kuua inaua wote, hata kama imefika kwa mumoja.

Ukiisoma, inaonekana ni akili ya kawaida. Linux ya ile wakati haikuweza kufanya hata nusu yake.

Njia ya mukato

Torvalds alikuwa na wazo lenye lilikuwa nyepesi: kwa kerneli, hakuna tofauti kati ya programu na uzi. Vyote ni «kazi». Kuko ombi moja, clone, yenye kuzaa kazi mupya, na mwenye anaita anachagua vitu gani muzazi na mutoto watagawana: memori, mafaili, fonksyo za kupokea ishara. Ukigawana vyote, umepata kitu chenye kufanana na uzi.

Mwaka wa 1996, Xavier Leroy, mutafiti wa INRIA kule Ufaransa mwenye anajulikana pia kwa lugha ya OCaml, alijenga juu ya ile clone maktaba yenye iliitwa LinuxThreads. Lazima kusema wazi: ilikuwa kazi nzuri. Haikungoja kerneli ibadilike, na watu waliweza kuandika programu za nyuzi ku Linux miaka mingi mbele ya suluhisho la kweli. Lakini msingi haukuwa wake, na msingi ulikuwa na mufa.

Kila uzi ulikuwa na namba yake ya kitambulisho kama programu yenye kujitegemea. Ni kama radio yenye watangazaji watano, na ku biro ya posta kila mumoja ameandikishwa kama radio ingine. Barua yenye imeandikwa «kwa radio» haina sanduku la kuingia. Ukiuliza programu namba yake, kila uzi unajibu namba tofauti. Ukitazama orodha ya programu, unaona kumi na tano fasi ya moja, na kila moja inaonekana kula memori yote. Ukituma ishara ya kusimama kwa namba moja, ule uzi unasimama na wengine wanaendelea kugeuza memori yenye ule mwenye amesimama alikuwa anaitumia.

Kuko mengine. Ili nyuzi ziweze kuamushana, LinuxThreads ilichukua ishara mbili zenye programu za watu zilikuwa na haki ya kutumia, USR1 na USR2. Kisha, kerneli zilipopata ishara za zaidi, ikahamia ku zile. Kila programu ilibeba pia uzi wa ziada, musimamizi, wa kuzaa na kuzika wengine. Kama musimamizi ameuawa kwa bahati mbaya, mutu alipashwa kuingia kwa mikono yake na kusafisha wenye walibakia. Na haki za mutumiaji hazikugawanywa: uzi mumoja ukijiondolea mamlaka ya mukubwa, ndugu zake wanabaki nayo. Kwa serveri yenye inapokea watu kutoka inje, ile haikuwa mambo ya kucheka.

Hili la mwisho halijaisha kabisa. Mupaka leo, ndani ya kerneli ya Linux, haki ziko za kila uzi. Wakati programu inaomba kubadilisha haki zake, maktaba ya C inatumia kila uzi ishara ya siri, namba 33, yenye kusema: wewe pia badilisha. Mutumiaji haoni kitu. Ishara imekuwa dawa ya shida ya nyuzi, baada ya nyuzi kuwa shida ya ishara.

Wawili wanashindana, mumoja anaacha

Mwanzo wa miaka ya 2000, kampuni kubwa zilikuwa zinataka kuweka programu nzito juu ya Linux, na ile mufa haikuweza tena kufichwa. Makundi mawili yakaanza kazi. IBM ilileta maktaba yenye iliitwa NGPT: nyuzi nyingi za programu zinabebwa na nyuzi chache za kerneli, na programu yenyewe inagawa zamu ndani. Ku karatasi, njia hii ilionekana nyepesi zaidi. Ku ishara ilikuwa na uzito: ishara inafika kwa uzi wa kerneli, wakati uzi wa programu wenye unaitaka haujulikane uko juu ya nani kwa ile dakika. Unapashwa kuwa na wagawaji wa zamu wawili, mumoja ndani na mumoja inje, wenye kusikilizana.

Ulrich Drepper na Ingo Molnár, wote wawili wa Red Hat, walichukua njia ingine: uzi mumoja wa programu, uzi mumoja wa kerneli, na tuirekebishe kerneli yenyewe. Septemba 2002 wakatangaza kazi yao, NPTL. Kipimo kimoja kilizungukia watu wengi: kuanzisha nyuzi 100.000 ku ordinatere ya kawaida ya ile wakati kulichukua sekunde 2. Ku kerneli ya zamani kungechukua kama dakika 15. Katikati ya 2003 kazi ya NGPT ikaachwa. Mbele ya pale NPTL ilikuwa imekwisha kuingia ku Red Hat Linux 9, na tarehe 17 Desemba 2003 kerneli ya 2.6 ikatoka na marekebisho yote ndani.

Kasi ndiyo ilipata sifa, lakini kwa ishara mabadiliko ya maana yalikuwa mengine. Kerneli ilipata kitu chenye kuitwa kundi la nyuzi. Kundi liko na namba moja, na ukiuliza programu namba yake, kila uzi anajibu ile moja. Sanduku za barua zikawa mbili: moja ya kila uzi, moja ya kundi. Ishara kwa programu inaingia ku sanduku la kundi, na kerneli inatafuta nani amukie. Inaanza na uzi mukubwa, ule wa kwanza. Kama masikio yake yamefungwa, inazunguka kwa wengine mupaka ipate mwenye anaweza. Kama wote wamefunga, ishara inangoja mule. Na kama ishara ni ya kuua, hakuna mazungumuzo: kundi lote linawekewa alama, kila uzi unaamushwa na unaenda ku mulango wa kufa. Ombi mupya, exit_group, likafanya programu yenyewe iweze kufunga nyumba yote kwa mara moja. Lingine, tgkill, likapeleka ishara kwa uzi fulani wa kundi fulani, ili namba yenye imeachwa na marehemu na kupewa mugeni isifanye mugeni auawe kwa makosa.

Na musimamizi yule? Hakuhitajiwa tena.

Ule mwenye kungoja peke yake

Kanuni ya POSIX inaacha mutego mumoja, na kerneli haiwezi kuuondoa. Ishara inakata uzi popote. Tuseme uzi unaomba memori, na ili kuhesabu vizuri umefunga kufuli ya gala ya memori. Palepale ishara inafika, fonksyo ya kupokea inaamuka juu ya ule uzi, na ile fonksyo pia inaomba memori. Inakuta kufuli imefungwa. Nani ataifungua? Ule uzi wenyewe, lakini ule uzi hauwezi kuendelea mbele fonksyo haijaisha. Programu inaganda pale mupaka mwisho wa dunia. Hata kuandika mustari mumoja wa kawaida ku ekra, ndani ya fonksyo ya kupokea, kunaweza kuleta ile ajali. Kanuni iko na orodha ya vitu vyenye vinaruhusiwa mule ndani, na ni mifupi kuliko vile watu wanafikiri.

Dawa yenye watu wa kazi wanapenda ni kuacha kukatwa. Nyuzi zote zinafunga masikio kwa zile ishara, na uzi mumoja unachaguliwa kuzingoja, umekaa, haufanyi kitu kingine. Ishara ikifika, haikate mutu. Inaamusha ule mwenye kungoja, na yeye anafanya kazi yake kwa utulivu, na kufuli zake zote ziko mahali pake.

Hapa ndipo telefone ya mwanzo inarudi. Ndani ya programu za Android kuko uzi wa namna hiyo, na jina lake linamaanisha mushikaji wa ishara. Programu ikikaa sekunde 5 bila kujibu kidole cha mutu, mufumo unatuma ishara namba 3. Uzi wa ekra umeganda, hauwezi kusema kitu. Lakini mushikaji wa ishara iko hai. Anaamuka na kuandika kila uzi ulikuwa unafanya nini ile dakika, ili mutengenezaji wa programu apate kujua. Mutu akigusa «funga», ishara namba 9 inakuja, kundi lote linakufa.

Namba 9 inakuja pia bila mutu kuomba. Ku telefone yenye memori ndogo, wakati memori inajaa, mufumo unachagua programu yenye mutu haitazame na unaiua ili ile yenye iko mbele ipate kupumua. Mutu anajaza fomu, simu inaingia, anajibu, anarudi: fomu imeanza upya, majina yote yamepotea. Wengi wanasema telefone imechoka ao ni virusi. Mara nyingi ni ishara namba 9 tu, na mutengenezaji wa programu mwenye hakutayarisha kuweka maandishi mbele ya kuuawa.

Wenye wanaanza leo

Kutengeneza kerneli nyumbani hakukuisha na Torvalds. Mwaka wa 2018, Andreas Kling wa Uswidi alianza SerenityOS. Yeye mwenyewe amesema wazi kwamba alikuwa ametoka kutibiwa ulevi wa dawa za kulevya na alitafuta kazi ya kujaza siku. Kerneli yake ilianza kama zote zinavyoanza: programu moja, mufanyakazi mumoja. Mwaka wa 2019 aliigeuza, na namna alivyofanya inafaa kuangaliwa. Hakuanza kwa kuzaa nyuzi. Kwanza alifanya mugawaji wa zamu agawie nyuzi badala ya programu, na kila programu ikawa na uzi mumoja tu kama mbele. Hakuna kitu kilibadilika kwa mutumiaji. Paka baada ya mabomba yote kuhamishwa, nyuzi za pili zikaanza kuja.

Kijana wa Bukavu ao Butembo mwenye anajua lugha ya C na iko na ordinatere ya kawaida anaweza kujaribu. Vyombo ni vya bure: kompaila ya GCC, na QEMU, programu yenye ilianzishwa na Mufaransa Fabrice Bellard, yenye kuiga ordinatere nzima ndani ya dirisha, ili kerneli mupya ianguke mara mia kwa siku bila kuharibu masini. Vyote viwili vinapakuliwa mara moja na kisha vinafanya kazi bila mutandao. Umeme ndiyo hautakuwa wa bure.

Kazi ya A na B ndiyo mwanzo, juu hakuna haja ya ishara kama zamu bado hazigawanywe vizuri. Kisha, mbele ya kuongeza nyuzi, ile karatasi ya ku staki inapashwa kujaribiwa kwa ukali: programu inaweka namba yenye inajulikana ndani ya kila rejista, inazunguka bila mwisho ikiangalia kama bado ni zilezile, na kutoka inje inatumiwa ishara elfu na elfu. Kama namba moja imebadilika, kosa linaonekana palepale, na jina lake linajulikana. Jaribio la pili ni la mwenye kulala: uzi mumoja unangoja klavye, wa pili unazunguka, wa tatu umesimamishwa na ishara 19, alafu nyumba nzima inatumiwa namba 9. Kisha kuangalia orodha ya kerneli: hakuna uzi wenye umebaki, hakuna kipande cha memori chenye hakikurudishwa. Mara ya kwanza, ule mwenye amesimamishwa mara nyingi ndiye anabaki, juu mutengenezaji alikumbuka kuamusha wenye kulala na kusahau wenye kusimama.